Baba Mdogo wa Wanangu

Wanangu wawili wana baba mwingine shuleni, na shule inampenda kuliko mimi.

Habari hii niliipata Jumanne moja ya mwezi wa tisa, nikiwa nimeinamia bati. Mimi hutengeneza masanduku ya bati, yale ambayo kila mtoto anayekwenda shule ya bweni hubeba. Karakana yangu iko Mamboleo, karibu na njia panda, na kama ulisoma bweni upande huu wa Kisumu miaka kumi na tano hivi iliyopita, huenda nguo zako zililala ndani ya kazi yangu. Mwenyewe sikuwahi kubeba sanduku. Niliacha shule darasa la sita. Kusoma najua, kuandika najua, na kwa vipimo vya bati hunidanganyi.

Alikuja mwalimu mmoja, Madamu Debra, akitaka masanduku arobaini ya kuhifadhia vitabu vya maktaba. Alipotaja shule yake, niliweka nyundo chini, nikamwambia wanangu wako hapo hapo: Frankline kidato cha nne, Obonyo kidato cha pili. Akafurahi, akauliza Frankline yupi. Nikamwambia Frankline Ogola, mrefu, mwenye kovu kidevuni, kovu alilolipata kwenye bati hizi hizi akiwa na miaka mitano. Akanitazama kama mtu aliyepewa noti anayoitilia shaka.

"Frankline namfundisha kemia," akasema. "Na baba yake namjua vizuri. Ni mwenyekiti wetu."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa wazazi. Mzee Ogola, yule wa koti la kijivu. Wewe fundi lazima ni mjomba."

Nikamwambia mimi si mjomba wa mtu yeyote, kwa sababu mama yangu alizaa mimi peke yangu. Akasema sawa, akaandika vipimo vya masanduku yake, akaondoka kwa haraka kuliko alivyokuja.

Sasa nieleze kosa langu, maana ninalo. Mama yao, Rosa, yuko Qatar mwaka wa tano huu, anatunza nyumba ya watu. Mambo ya shule aliniachia mimi. Karo nimelipa kila muhula, sijawahi kuchelewa. Lakini miaka miwili iliyopita Frankline alikamatwa ameruka ua kwenda kununua chapati, akarudishwa nyumbani aje na mzazi. Mimi nikampa barua. Naikumbuka yote.

*Mwalimu Mkuu. Nimesikia kijana ameruka ua kwa ajili ya chapati. Amekosa. Mpeni jembe alime mpaka achoke. Mimi siwezi kuja, nina oda. Ogola, fundi wa masanduku, Mamboleo.*

Niliiona barua nzuri. Ilikuwa na tarehe na ilikuwa na saini. Frankline aliisoma, akaikunja, akaenda nayo, na shule ikampokea. Tangu siku hiyo, kila nilipoitwa nilijibu kwa barua ya namna hiyo: siku ya wazazi, mkutano wa matokeo, kufunguliwa kwa maabara. Nina oda. Nina oda kubwa. Nina oda ya Siaya. Halafu shule ikaacha kuniita kabisa, nikadhani tumeelewana.

Ukweli ni kwamba oda hazikuwa nyingi kiasi hicho. Sikutaka kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuelezwa mambo na watu waliosoma.

Lakini safari hii nilitaka kwenda. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi ilikuwa siku ya maombi ya kidato cha nne, kabla ya mtihani wao wa mwisho. Siku hiyo kila mtahiniwa hupiga magoti, baba yake humwekea mkono wa kulia kichwani na kumbariki. Kwetu neno la baba juu ya kichwa cha mtoto si mchezo. Baba yangu alikufa kabla ya kuniwekea mkono, na kila kitu kilichonipindia maishani nimekihesabu kutoka hapo. Frankline alinitajia siku hiyo wakati wa likizo ya Agosti, kisha akaongeza, "Lakini ni siku ndefu, Baba. Usijisumbue." Nilidhani ni adabu.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya Madamu Debra kuondoka, nilikaa juu ya sanduku nikaandika.

*Mwalimu Mkuu. Mimi ni Ogola. Frankline na Obonyo ni wangu. Walipozaliwa nilikuwepo, wa kwanza nikiwa nje ya mlango, wa pili nikiwa naendesha baiskeli. Huyo mwenyekiti wenu simjui. Mtoeni yeye, mniweke mimi, kabla ya siku ya maombi.*

Nikaambatisha nakala ya kitambulisho changu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, limepigwa chapa, lina muhuri. Lilinishukuru kwa kuwajali wanafunzi. Likasema saini yangu hailingani na saini ya Mzee Ogola iliyo kwenye faili. Kuhusu kitambulisho, nakala ya kitambulisho hicho hicho walikuwa nayo tangu Frankline alipoingia kidato cha kwanza, na uso ulio kwenye nakala hiyo ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nikatazama nakala niliyobaki nayo. Walisema kweli. Mashine ya fotokopi ilikuwa imenifanya mweusi tititi kama sufuria ya kukaangia omena, nikabaki na sikio moja tu.

Nikaenda mwenyewe. Nilivaa shati la kanisani, nikapanda pikipiki mpaka getini. Mlinzi, mtu mnene kwa jina Nabututu, alipokea kitambulisho changu halisi, akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kazi ya bati.

"Wewe ni wa tatu mwezi huu," akasema.

"Wa tatu wa nini?"

"Kuja na jina la mwenyekiti. Bweni jipya halina paa, wauza mabati wote wa Kisumu wamegeuka kuwa akina Ogola. Rudi, Mzee. Tenda itatangazwa."

Nilimwambia sitaki tenda, nataka wanangu. Akaniambia yule aliyekuja wiki iliyopita alisema hivyo hivyo, tena yeye alilia.

Barua ya pili niliituma na risiti za benki, zote, tangu muhula wa kwanza wa Frankline. Nilidhani hapo nimewabana. Mtu gani hulipia karo watoto wasio wake? Jibu lilikuja ndani ya bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na cheti chenye mapambo ya rangi ya dhahabu pembeni: *Cheti cha Shukrani kwa Mfadhili*. Barua ilieleza kwamba shule ilikuwa ikijiuliza kwa muda mrefu ni nani huyu anayelipia wana wa mwenyekiti, na sasa Mungu amemfunua. Ikasema kila Ijumaa asubuhi wanafunzi mia nane huniombea, mimi mtu wa Mamboleo mwenye moyo safi ambaye hakujaliwa watoto. Nilikaribishwa siku ya maombi katika hema la wageni, nipewe soda. Wafadhili hawawekei watu mikono.

Jumapili Rosa alipopiga simu nilimweleza yote, nikamsomea kile cheti. Alicheka mpaka nikasikia ameketi chini. Akauliza huyo mwingine anavaa nini. Nikamwambia koti la kijivu. Akacheka tena, kisha kicheko kikaisha.

"Shukuru wewe," akasema. "Wewe walikutafutia mtu. Mimi hawakunitafutia."

Nikakirudisha kile cheti ndani ya bahasha yake.

Madamu Debra ndiye aliyenisaidia bila kujua. Alipokuja kuchukua masanduku yake nilimuuliza, kama mtu anayetaka tu kuzungumza, huyo mwenyekiti hupatikana wapi. Akasema siku za soko yuko Otonglo, kwenye hoteli moja yenye pazia la shanga, anapenda chai ya hapo. Nikaenda siku ya soko. Nyundo ilikuwa ndani ya mfuko wangu. Sisemi nilikuwa na nia gani. Nyundo hukaa humo siku zote.

Koti la kijivu lilikuwa meza ya mwisho. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, tai imebana shingo, umri wa chini kuliko wangu. Aliponiona alisimama kabla sijasema neno.

"Mzee Ogola," akasema. "Sura ya Frankline ndiyo hii. Nimekungoja miaka miwili. Keti, unywe chai."

Niliketi kwa sababu sikuwa nimepanga nini cha kumfanya mtu aliyesimama kwa heshima. Jina lake ni Wakhisi, Mbukusu. Alikuwa karani wa kiwanda cha sukari, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki na koti. Otonglo ndipo wanafunzi waliofukuzwa hushuka garini kununua mahindi ya kuchoma na kufikiri. Siku moja Frankline alishuka hapo akiwa na barua yangu mkononi, barua ambayo geti lilikuwa limeikataa, analia. Wakhisi akamwazima baba kwa siku moja. Siku ya pili ikaja, na ya tatu, mpaka wazazi wakamchagua mwenyekiti. Kwa sasa, aliniambia, yeye ni baba wa vijana kumi na mmoja katika shule tano. Wa kwake mwenyewe ni binti mmoja, Lornah, na mikutano ya Lornah haendi, kwa sababu huangukia Jumamosi, siku ambazo ana kazi.

Nikamuuliza Mbukusu anawezaje kuwa Ogola, jina la Kijaluo. Akasema mwalimu mkuu, Bwana Wakhungu, ni Mluhya kama yeye, na husifia sana jinsi Mjaluo huyu anavyojua lugha ya majirani zake.

Kisha nikamwambia nimeandika kwa shule mara mbili, na nitaandika ya tatu, na ya nne nitaipeleka polisi.

"Barua zako nimezisoma zote," Wakhisi akasema.

"Zilikuwa za mwalimu mkuu."

"Mwalimu mkuu hasomi barua za wazazi wasumbufu. Humpa mwenyekiti azijibu. Nimezijibu mimi."

Nikamuuliza, na ile ya mtu ambaye hakujaliwa watoto? Akakubali kwamba hapo alipita kiasi, akaniomba radhi, akaagiza chapati mbili.

Halafu akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulifikiria mwenyewe. Kama barua yangu ya kuwadai wanangu ingefika kwa mwalimu mkuu, akaiamini, swali la pili lingekuwa ni nani aliyemleta baba wa kukodi. Wanangu wangefukuzwa wote wawili siku hiyo hiyo, na Frankline alikuwa amebakiza wiki chache afanye mtihani.

"Ukinitoa mimi," akasema, "wanatoka wao."

Nilikula chapati. Ilikuwa nzuri, nikaelewa kidogo kuhusu ule ua. Wakhisi aliendelea kunieleza habari za wanangu kama mtu anayesoma faili. Frankline alikuwa wa mia na arobaini, sasa ni wa kumi na tisa, kemia bado inamsumbua. Obonyo haoni ubao vizuri, yeye ameomba ahamishiwe dawati la mbele.

"Uliijua hiyo?" akauliza.

Sikuijua. Obonyo nyumbani hushika kitabu karibu na pua, nikadhani anapenda kusoma.

Nikamwambia, mimi shida yangu ni moja. Vyeti vyenu kaeni navyo, uenyekiti ubaki kwako. Nataka mkono wangu, si wako, uwe juu ya kichwa cha Frankline Jumamosi ile. Wakhisi akavuta karatasi kutoka ndani ya koti. Ilikuwa ratiba ya siku ya maombi pamoja na kanuni zake. Kanuni ya sita ilisema mtahiniwa atawekewa mkono na baba, au baba akishindwa, na baba mkubwa au baba mdogo, kwa barua ya utambulisho kutoka kwa baba mwenyewe. Shule iko kwetu, na kwetu ndugu ya baba ni baba. Hata kwa Wabukusu ni hivyo, Wakhisi alisema.

"Basi niandikie kuwa baba mkubwa," nikasema. "Mimi nina miaka hamsini na mbili. Wewe?"

"Arobaini na sita. Lakini haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Nilishasema kwenye hotuba kwamba mimi ni kifungua mimba. Imo kwenye kumbukumbu za mkutano."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Kumbukumbu zilikuwa zimepitishwa na kutiwa saini. Akachukua kalamu, na mimi nikamtazama mtu mwenye jina langu akiandika:

*Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi, Ogola, baba wa Frankline na Obonyo, namtambulisha kwako ndugu yangu mdogo, anayefuatana nami tumbo moja. Yeye ndiye yule mfadhili, ambaye hakutaka kujulikana. Amekuwa akikuandikia barua zisizo na kichwa wala miguu kwa sababu ya wivu wa kindugu, jambo ambalo tumelisuluhisha kama familia. Mkono wangu wa kulia umeteguka. Yeye ataweka mkono kwa niaba yangu.*

Nikamwuliza jina langu basi litakuwa nani. Akafikiri, akaandika: Ogola Mdogo.

Jumamosi ile nilifika getini mapema. Nabututu alikuwa na orodha. Alinipigia saluti, akaniambia ningesema mapema kwamba nimetumwa na kaka yangu, tusingesumbuana. Ndani, hema lilikuwa limejaa akina baba wenye makoti. Wakhisi alikuwa mbele, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni, kazi safi kabisa. Bwana Wakhungu, mwalimu mkuu, alinisalimia kwa mikono miwili. Akasema tunafanana sana, isipokuwa kaka yangu ana uso wa mtu aliyesoma.

Obonyo nilimwona kwenye kwaya, mstari wa mbele. Alinipungia mkono chini chini, pale kiunoni, ili wenzake wa kwaya wasione.

Wakhisi alihutubu dakika ishirini. Alizungumzia paa la bweni, akawasihi wazazi. Kisha akaomba nisimame. Akawaambia watu kwamba huyu ni mdogo wake, aliyeacha shule darasa la sita kwa ukaidi, marehemu baba yao akahuzunika sana, lakini tazameni Mungu alivyo, leo ndiye anayewalipia karo watoto wa kaka yake. Watu wakapiga makofi. Akina mama wawili wakafuta machozi. Nilisimama hapo na darasa langu la sita mbele ya watu elfu moja, jambo lile lile nililolikimbia miaka minne. Ajabu ni kwamba halikuniua. Nilipokea makofi, nikaketi kwenye kiti cha plastiki.

Halafu watahiniwa wakaitwa, safu kwa safu, wakapiga magoti kwenye nyasi. Madamu Debra alipita na orodha akiweka alama kwenye kila jina. Nilikwenda nikasimama mbele ya Frankline. Hakuwa ameambiwa. Aliinua macho akitafuta koti la kijivu, akaniona mimi na shati langu la kanisani, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kuona ukifanya nyumbani. Nilidhani ataondoka mbio. Hakuondoka. Aliinamisha kichwa.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, maneno ya kizee, yenye uzito. Yote yalinitoka. Niliweka mkono, nikahisi joto la kichwa chake, nikasema nilichokuwa nacho.

"Karatasi isikutishe. Mimi ilinitisha, ndiyo maana sikuja. Wewe nenda."

Aliegemeza kichwa kwenye kiganja changu.

"Nimesikia, Baba," akasema.

Madamu Debra, aliyekuwa amefika hapo na kalamu yake, akainama kwa upole.

"Baba mdogo," akamsahihisha, akaweka alama, akapita.

Frankline amemaliza mtihani, yuko nyumbani, matokeo yatakuja yatakavyokuja. Kuhusu Wakhisi, mimi na Frankline tumeongea mara moja tu. Aliniambia alikuwa na baba mmoja asiyekuja na mmoja aliyekuja, na alipokuwa anapiga magoti alikuwa anamwombea yule asiyekuja.

Nimehesabu. Frankline alikaa pale miaka minne, na katika miaka hiyo minne nilikuwa naye shuleni dakika mbili, tena si kama baba. Mikutano tisa alihudhuria mtu mwingine kwa jina langu, na hiyo hairudi. Obonyo amebakiza mihula sita. Kwa mihula hiyo yote sita mimi ni mdogo wa mtu niliyemzidi miaka sita, na nisiposimama anaponiambia nisimame, mtoto anafukuzwa. Mkutano wa kwanza nimeshakwenda. Niliketi nyuma. Imebaki mitano ya matokeo, miwili ya wazazi, na siku ya maombi ya Obonyo mwenyewe, ambayo mkono wa Wakhisi itabidi uteguke tena.